Mtazame Asimamaye Kando ya Stelingi

Aghalabu mtu akimaliza kutazama filamu, iwe ameitazama katika kibanda cha video pale Emali au juu ya kioo kidogo cha simu akiwa amejilaza kitandani kwake Mutomo, ukimwuliza ameona nini atakutajia stelingi: kamwua nani, kamwoa nani, kaokoka vipi; na ukimwuliza yule mzee aliyekuwa akizungumza na stelingi pale mlangoni ni nani, atakukazia macho kana kwamba umemwuliza habari za mpita njia. Si kwamba hakumwona. Alimwona, na pengine ndiye aliyemtoa machozi. Lakini mazoea yametufundisha kulifuata jina lililoandikwa kwa herufi kubwa juu ya tangazo, na kuwaacha wengine wote wawe sehemu ya ukuta na miti. Makala haya yanakusudia kuwashauri wasomaji wa Kitui na Makueni, na wengine wowote wenye raghba ya sinema, namna ya kumtambua mwigizaji msaidizi, kumfuata kutoka filamu hii hadi ile, na kuipata katika shughuli hiyo ladha ambayo stelingi, kwa hali ya kazi yake, hawezi kutupa.

Stelingi ana wajibu mmoja mkubwa, nao ni kuwa yeye. Watu wamelipa ili wauone uso ule ule walioupenda mara ya kwanza, na watengenezaji wa filamu, ambao ni wafanyabiashara kabla ya kuwa wasanii, hawathubutu kuuficha uso huo chini ya ndevu, kovu au uzee. Ndiyo sababu ukitazama filamu kumi za Jackie Chan unakuwa umemwona Jackie Chan mara kumi, jambo ambalo si aibu kwake wala hasara kwako, maana ndilo ulilolifuata. Mwigizaji msaidizi hana rukhsa hiyo. Leo ameitwa awe hakimu, kesho mlevi, keshokutwa sauti ya mnyama. Amepewa dakika chache tu, na ndani ya dakika hizo inampasa atusadikishe kwamba mtu huyu ana mke, ana madeni, ana hofu zake za usiku, na kwamba alikuwapo kabla kamera haijawashwa na ataendelea kuwapo itakapozimwa. Fauka ya hayo, hana budi kuyatenda yote haya bila ya kumnyang'anya stelingi macho ya hadhira, kwani akizidi kung'ara ataiharibu hadithi, na akififia atakuwa ameula mshahara wa bure.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kwamba usijaribu kuwatazama wote. Mteue mtu mmoja, umfuate katika miaka yote ya kazi yake kwa subira, hata uweze kuitambua sauti yake ukiwa chumba cha pili. Nami ningeulizwa nimteulie msomaji wa pande zetu mtu wa kuanza naye, ningemtaja John Kani wa Afrika Kusini, kwa kuwa mojawapo ya filamu zake inasimulia kisa kilichotokea mlangoni petu.

Mwaka 1898, reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Mombasa kuelekea Uganda ilipofika kwenye mto Tsavo, simba madume wawili waliwavamia wafanyakazi usiku baada ya usiku, hata kazi ya daraja ikasimama. Mhandisi Mwingereza aitwaye J. H. Patterson akawaua wote wawili mwezi wa Desemba mwaka ule ule, reli ikaendelea kupanda katika nchi ambayo leo ni ya Makueni, ikapita Mtito Andei na Kibwezi na Makindu, na ngozi za simba wale hatimaye zikauzwa kwa jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, ambako zimejazwa na kusimamishwa hadi leo. Filamu ya The Ghost and the Darkness, iliyoongozwa na Stephen Hopkins na kutoka mwaka 1996, ilipigwa Afrika Kusini, na mkazi wa Mtito Andei atacheka mara tu simba watakapotokea, kwa maana wamejaa manyoya ya shingoni ilhali dume wa Tsavo aghalabu hana. Stelingi ni Val Kilmer, ndiye Patterson. Na yaelekea Patterson peke yake hakutosha kuuza tiketi, kwa kuwa alibuniwa mwindaji wa Kimarekani aitwaye Remington, ambaye katika historia hakuwako kabisa, akapewa Michael Douglas. Kando ya wakubwa hao wawili yuko Samuel, Mwafrika anayeijua kambi na watu wake, ambaye kila mgeni hana budi kupitia kwake ili aelewe alipo; na sauti ya Samuel, ambayo ni sauti ya John Kani, ndiyo inayoifungua hadithi na ndiyo inayoifunga.

Itazame filamu hii mara mbili. Mara ya kwanza wafuate simba, kwa sababu huwezi kujizuia, wala sikushauri ujizuie. Mara ya pili, kila stelingi anapozungumza, wewe mtazame anayemsikiliza. Kusema maneno yaliyoandikwa ni kazi ambayo mtu mwenye kumbukumbu njema aweza kuifanya. Kusikiliza mbele ya kamera, hali umeyasikia maneno yale yale mara ishirini tangu asubuhi na unatakiwa uyasikie kana kwamba ni mara ya kwanza, ndiko kunakompambanua fundi na mwanagenzi. Katika ngoma ya kilumi macho ya watu humfuata anayecheza, lakini mwili wa mchezaji humtii mpiga ngoma aliyeketi. Na msikilizaji mwema katika filamu ndivyo alivyo, yeye ndiye anayetuonyesha uzito wa neno lililosemwa na mwingine. Ukimkuta mwigizaji anayesubiri tu zamu yake ya kusema, utamjua papo hapo, maana macho yake yamekwisha kuondoka.

Ukisha kumzoea Samuel, rudi nyuma miaka minne uitazame Sarafina! ya mwaka 1992, filamu ambayo wengi wetu tumeiona bila ya kujiuliza mwalimu mkuu wa shule ile ya Soweto ni nani. Ni yeye Kani. Kisha ruka hadi mwaka 2016, katika Captain America: Civil War, ambamo yeye ni Mfalme T'Chaka wa Wakanda, na hapo utaona namna mtu anavyoweza kujenga ufalme mzima kwa kusimama tu: yuko kwenye filamu kwa muda mfupi mno kabla bomu halijamwua mjini Vienna, lakini maneno machache anayosemezana na mwanawe kwa Kixhosa, lugha ambayo Kani mwenyewe ndiye aliyeileta katika kisa hicho, yanatosha kutufanya tuamini kwamba baba huyu na mtoto huyu wamekuwa wakizozana na kupendana kwa miaka mingi. Katika Black Panther ya mwaka 2018 anarudi kama marehemu anayezungumza na mrithi wake, na ujana wake umeigizwa na mwanawe wa kumzaa, Atandwa Kani, jambo ambalo litakupa fursa adimu ya kulinganisha mabega ya baba na mabega ya mwana. Na mwaka 2019, katika The Lion King iliyoongozwa na Jon Favreau, mwili wote umeondolewa, imebaki sauti tu, sauti ya Rafiki, mzee wa nyani.

Hapa nataka kutua kidogo, kwa kuwa jambo la sauti na mwili ndilo lenye faida kubwa kwa mtazamaji wa Ukambani, naye hajui kwamba amekwisha kupewa shule yake bure. Filamu nyingi zinazotazamwa Wote na Mwingi, hasa za ngumi, za vita na za Kihindi, hutufikia zikiwa zimesimuliwa na DJ Afro, ambaye sauti yake huzifunika sauti za waigizaji, akawapa majina ya mitaani, akaongeza mzaha na masimango, hata pengine kisa chenyewe kikawa kingine. Wako wasomi wanaolichukia jambo hili na kusema ni uharibifu. Mimi sisemi hivyo, kwanza kwa sababu msimuliaji hodari ni mwigizaji msaidizi wa aina yake, na pili kwa sababu anapoifunika sauti ya mwigizaji anatuachia mwili mtupu, na mwili mtupu ndio mahali pazuri pa kujifunzia. Mtazame basi yule mshirika wa adui, au mzee wa kijiji, au mpishi, hali maneno yake huyasikii: mabega yake yamekaa wapi, mikono yake inafanya nini wakati haina kazi, anaingia chumbani kwa mguu gani, je, anamkaribia mkubwa wake au anabaki hatua mbili nyuma? Halafu, ukiweza kuipata, itazame filamu ile ile katika sauti yake ya asili, na safari hii ufumbe macho kwa dakika chache, usikilize pumzi, mahali anapositasita, na neno analolimeza. Mwigizaji ambaye mwili wake na sauti yake vinasimulia jambo moja ni mwigizaji mzuri. Lakini yule ambaye mwili wake unasema hapana ilhali ulimi wake unasema ndiyo, na wewe ukaziamini zote mbili, huyo mwandike jina lake.

Kipaji hiki cha kuwa watu wengi kwa mwili mmoja hakikuanzia kwenye sinema. Kani, aliyezaliwa mwaka 1943 huko New Brighton, alijulikana kwanza kwa mchezo wa jukwaani wa Sizwe Banzi Is Dead, alioutunga pamoja na Athol Fugard na Winston Ntshona, ambamo katika usiku mmoja alikuwa mpiga picha aitwaye Styles na kisha akawa mtu mwingine aitwaye Buntu, mbele ya hadhira ile ile, bila ya kuwa na mahali pa kujificha. Na mwaka 1975 yeye na Ntshona walipewa tuzo ya Tony nchini Marekani kwa pamoja. Usidhani kwamba jambo hilo liko mbali nawe. Kila mwaka makundi ya waigizaji huzunguka katika shule za upili za Kitui na Makueni yakiigiza vitabu vya mtihani, na kwa kuwa kundi ni dogo na wahusika ni wengi, mtu mmoja hulazimika kuvaa nafsi mbili au tatu. Mlipokuwa mkisoma Kigogo cha Pauline Kea, huenda uliona kijana mmoja akiwa Kenga, mshauri mwenye hila wa Majoka, na baada ya kubadili shati tu akawa Ngurumo, akipepesuka kwa Mamapima. Wanafunzi hucheka, kwa kuwa wamemtambua. Mwalimu mwenye busara angewanyamazisha kidogo na kuwauliza: amebadilisha nini zaidi ya shati? Nawasihi walimu wa fasihi wanaosoma makala haya waliulize swali hilo kila kundi linapofika shuleni, kwa maana hapo, katika bwalo lenye viti vya mbao na vumbi la Oktoba, ndipo mtoto anapoweza kuiona kazi ya mwigizaji kwa ukaribu kuliko atakavyoiona katika kioo chochote.

Urefu wa muda usikuhadae. Katika filamu ile ile ya simba wa Tsavo yumo Abdullah, msemaji wa vibarua wa Kihindi, anayemkabili Patterson na kumwambia kwamba watu wake hawakuvuka bahari ili wawe chakula. Na msomaji wa Makindu, aliyezoea kuliona lile hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 na ambalo hadi leo huwapa chakula wasafiri wa barabara ya Mombasa bila ya malipo, ana sababu ya pekee ya kumtazama mtu huyu, kwa kuwa watu wa reli ile ni sehemu ya historia ya mji wake. Abdullah ameigizwa na Om Puri. Uso wake, wenye alama nyingi za maradhi ya utotoni, haukuwa uso wa stelingi kwa jinsi soko la Bombay lilivyopima uzuri, na pengine hiyo ndiyo iliyokuwa bahati yetu. Katika Gandhi ya Richard Attenborough, ya mwaka 1982, filamu inayopita saa tatu, yeye amepewa tukio moja tu: ni Mhindu aliyemwua mtoto wa Kiislamu kulipiza kisasi cha mwanawe, anayeingia ghafla alipolala Gandhi kwa saumu yake, anamtupia mkate amlazimishe ale, kisha anaambiwa amtafute yatima wa Kiislamu amlee katika dini ya wazazi wake. Hasemi mengi. Anaingia akiwa na ghadhabu ya mtu aliyekwisha kujihesabu miongoni mwa watu wa motoni, na anatoka akiwa hajui afanyeje na mikono yake. Nimewauliza watu wengi walioitazama filamu hiyo zamani wanakumbuka nini, na wasioikumbuka hata safari ya chumvi wanamkumbuka yule mtu wa mkate. Mwaka 1999, katika East Is East, mtu huyo huyo ni baba wa Kipakistani huko Uingereza, mwenye duka la chipsi na mke wa Kizungu, ambaye utamcheka na kumwogopa katika sentensi moja; ukimweka kando ya Abdullah na kando ya yule mwenye mkate, utaona kwamba ghadhabu ya kwanza inatoka tumboni, ya pili kifuani, ya tatu kwenye ulimi tu huku moyo ukitetemeka kwa woga.

Wala si lazima twende ng'ambo. Kuna zoezi moja ambalo sijui kama lina mfano wake popote, nalo limo katika kazi mbili zilizopishana kwa mwaka mmoja. Katika msimu wa kwanza wa Sense8, uliotolewa na Netflix mwezi wa Juni 2015, sehemu za Nairobi zina dereva wa matatu aitwaye Capheus, mpenzi wa filamu za Jean-Claude Van Damme hata gari lake analiita Van Damn. Rafiki yake, Jela, ameigizwa na Paul Ogola, na bwana wa wahalifu aitwaye Silas Kabaka, ambaye mji unamwogopa lakini nyumbani ana binti mgonjwa anayempenda kuliko roho yake, ameigizwa na Peter King Nzioki Mwania, ambaye majina yake peke yake yatamfanya msomaji wa Mwingi ainue kichwa. Mwaka uliofuata, 2016, ikatoka Kati Kati ya Mbithi Masya, filamu ya watu waliokufa wanaokaa katika nyumba ya wageni iliyo nyikani, wasioweza kuondoka mpaka wayakabili waliyoyatenda. Na humo wamo tena wawili wale wale, Ogola akiwa Mikey na Mwania akiwa King. Sababu ya kukutana kwao si ajabu: sehemu za Nairobi za Sense8 ziliongozwa na Mjerumani Tom Tykwer, ambaye shirika lake la One Fine Day lilikuwa likifundisha na kutengeneza filamu Nairobi tangu Soul Boy na Nairobi Half Life, na hiyo Kati Kati pia ni matunda ya shamba hilo hilo. Lakini sababu haiondoi muujiza wa kazi yenyewe. Ukimtazama Kabaka, mtu ambaye hahitaji kupaza sauti kwa kuwa wengine hulipwa wapaze kwa niaba yake, kisha ukamtazama King, unaweza kujiuliza kama ni mtu mmoja. Na Jela, mchangamfu wa mdomo mwepesi, ukimweka mbele ya Mikey utaona ujana ule ule ukiwa umezimwa taa. Ukitaka kuongeza la tatu, rudi hadi Nairobi Half Life ya mwaka 2012, umtafute Ogola katika genge la wezi wa vipuri vya magari, ambamo anaitwa Mose. Filamu ile ilimpa Joseph Wairimu, aliyemwigiza stelingi Mwas, sifa zote, naye alizistahili. Lakini itazame tena umsahau Mwas, ulitazame genge.

Katika genge hilo yumo mhusika aitwaye Kyalo, na jina hilo linanikumbusha jambo ambalo watu wa Ukambani hatuna budi kulisema waziwazi tunapozungumzia waigizaji wasaidizi. Kwa miaka mingi katika vichekesho vya televisheni vya nchi hii Mkamba amekuwa mlinzi wa geti au mtumishi wa nyumbani, na kichekesho chake ni lafudhi yake. Anaingia, anasema neno kwa matamshi ya kwao, watu wanacheka, anatoka. Simlaumu mwigizaji, ambaye ana kodi ya nyumba ya kulipa. Nawashauri watazamaji wawe na kipimo. Iondoe lafudhi kichwani mwako, kisha ujiulize kama kumebaki mtu. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015 na ambaye taifa zima lilimjua kwa jina la Mzee Ojwang wa Vitimbi, alikuwa Mkikuyu aliyezungumza kwa lafudhi nzito ya Kijaluo kwa miongo kadhaa, hata watu wengi wakaapa kwamba alikuwa Mjaluo. Na ukimwondolea lafudhi hiyo alibaki mzee kamili, mwenye ghururi, mwenye ujanja usiofika mbali, na mwenye kumhofu mkewe kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Huo ni uigizaji. Lafudhi iliyovaliwa juu ya hewa tupu ni dhihaka, na mtazamaji ana haki ya kutocheka.

Sasa niyaseme ya vitendo, kwa ufupi, kwa kuwa si magumu. Majina ya watu hawa hayako kwenye tangazo. Yako mwishoni, katika ile orodha inayopanda ambayo sisi huifanya ishara ya kuinuka. Mwenye kutazama kwa Netflix ajue kwamba filamu ikiisha kampuni huifinya orodha hiyo pembeni ili ikupendekezee kazi nyingine, lakini ukiigusa itarudi ikajaa kioo. Mwenye kununua katika duka la muvi na kuwekewa kwenye flashi amwambie muuzaji asimpe nakala iliyokatwa mwisho, maana zipo nyingi, na muuzaji akishaulizwa hivyo mara kadhaa ataanza kuangalia mwenyewe. Uwe na daftari, hata la shilingi chache. Andika jina la mwigizaji, jina la mhusika, mwaka, na jambo moja tu ulilomwona akilifanya kwa mwili wake, si maoni yako kama alikuwa mzuri au mbaya, kwa kuwa maoni husahaulika ilhali ile namna aliyokishika kikombe haisahauliki. Na orodha moja hukufungulia nyingine. Aliyeisoma orodha ya filamu ya simba wa Tsavo hadi mwisho atamkuta Bernard Hill, daktari wa kambi, ambaye mwaka uliofuata ni nahodha wa Titanic, anayeingia kimya katika chumba cha usukani kungoja maji, na ambaye miaka michache baadaye ni Mfalme Théoden wa The Lord of the Rings. Atamkuta pia Henry Cele, ambaye miaka kumi kabla alikuwa Shaka Zulu mwenyewe katika tamthilia ya mwaka 1986, stelingi wa kutetemesha nchi, na hapa amekubali kuwa Mahina, mnyapara ambaye simba hawamcheleweshi.

Tuzo zisiwe dira yako. Ni kweli kwamba wenye Oskari waliwakumbuka waigizaji wasaidizi, ingawa kwa kuchelewa, walipoanza kuwatuza mwaka 1937, na kwa miaka ya mwanzo waliwapa kibao badala ya sanamu kamili, kana kwamba mtu msaidizi alistahili zawadi ya usaidizi. Na ni kweli kwamba Mkenya wetu Lupita Nyong'o aliipata tuzo hiyo mwaka 2014 kwa nafasi ya Patsey katika 12 Years a Slave, kisha akawa kiumbe wa Star Wars asiyeonekana sura yake, kisha mama maskini wa Kampala katika Queen of Katwe, mfuatano ambao ni somo zima. Lakini John Kani hakuwahi hata kuteuliwa, wala Om Puri, aliyefariki Januari 2017. Ukingoja waamuzi wakuonyeshe nani wa kumtazama, utakuwa umefika sokoni wakati watu wanafunga vibanda.

Kijana wa Kathonzweni au wa Kyuso anayetamani kuigiza, na ambaye kila mara mwalimu wa drama akigawa nafasi analia kwa kuwa hakupewa ya shujaa, namshauri aombe nafasi mbili ndogo badala ya moja kubwa, zitofautiane kadiri iwezekanavyo, mmoja mwenye cheo na mwingine asiye nacho. Na wazazi wake wasimwulize jioni kama alikuwa na maneno mengi. Nawashauri pia majirani wamwonee huruma aliyeigiza uovu vizuri. Kumtukana mtu sokoni kwa dhambi za mhusika wake ni sifa kwa kazi yake, lakini ni sifa inayouma, na wako waliotukanwa kweli.

Anayetaka kuanza na John Kani na ana jioni chache tu za kutumia, aanze na Sarafina!, kwa kuwa wimbo na kelele za wanafunzi zitamlazimisha amtafute mwalimu mkuu kwa bidii. Afuate na The Ghost and the Darkness. Kisha ile sehemu ya kwanza ya Civil War, na akiichoka baada ya mfalme kufa aizime bila ya kuona haya. The Lion King aitazame pamoja na watoto, lakini yeye asiketi wanakoketi, aketi jikoni asikilize tu. Mwisho wa yote aiweke Murder Mystery ya mwaka 2019, filamu nyepesi ya mzaha ambamo Kani ni Kanali Ulenga, mmoja wa wageni wanaoshukiwa mauaji juu ya meli ya anasa. Nami naiweka mwisho kwa makusudi, kwa kuwa mtu ambaye hajamwona akiwa mfalme hatajua ni kitu gani hasa anachokidhihaki anaponyoosha shingo na kusema upuuzi kwa taadhima yote ile.